Jeti ya Mlimani

Kwenye safu ya gereji zilizo nyuma ya soko, ukiuliza fundi wa kabureta utaonyeshwa mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu mpaka katikati tu, kwa kuwa rangi iliishia hapo na hakuna aliyejihangaisha kutafuta nyingine. Ndani utamkuta mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, mwenye kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, anayeitwa Sindano. Wageni hudhani jina limetokana na wembamba wake. Limetokana na sindano ya kushonea ambayo haikosi kuchomekwa kwenye ukosi wa ovaroli yake.

Mafundi wenzake, pikipiki ikikosa nguvu, hufungua kabureta na kuchomoa jeti, yaani ile skurubu ndogo ya shaba yenye tundu ambamo petroli hupita. Huitia drili kwa kukisia, wakairudisha, wakamwambia mwenye chombo ajaribu bahati yake. Sindano hana papara hiyo. Husukuma sindano yake ndani ya tundu mpaka ikwame, akaikwaruza alama pale ilipokomea, ndipo achague biti, ile ncha ya drili inayotoboa.

"Acha kwanza nijue tundu lina ukubwa gani," humwambia mteja anayetazama saa. "Nikishatoboa, siwezi kuirudisha shaba mahali pake."

Maneno hayo aliyaamini kwa moyo wote, mpaka siku wifi yake alipoleta pikipiki ya zahanati.

Wifi huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa mkunga katika zahanati iliyoko juu mlimani. Alikuwa mfupi, mcheshi, hana woga wa matope wala wa mbwa. Siku hiyo alifika amenuna.

"Wifi, hii pikipiki imenivua nguo hadharani," alisema. "Huku chini inanguruma kama simba. Nikianza kupanda inakohoa, inatoa moshi mweusi, na kwenye kona ya mwisho, kuelekea nyumba za juu, inakata kauli kabisa. Jana nimeisukuma na mkoba wa kuzalishia mgongoni. Nimefika nimechoka kuliko mzazi mwenyewe."

Sindano alicheka, akafungua plagi, kile kifaa kinachowasha petroli ndani ya injini. Ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Petroli ilikuwa inazidi. Lakini alipoizungusha pikipiki sokoni ilikwenda vizuri, bila kukohoa hata mara moja. Mafundi wa jirani walisema iuzwe vyuma chakavu. Sindano alishinda akifunga klachi ya mteja mwingine huku kichwa chake kikiwa kwingine, na kabla hajamaliza akaweka spana chini.

"Huko juu hewa ni nyepesi," alimwambia wifi yake. "Petroli inaingia ile ile, hewa haitoshi. Inasongwa. Tundu inabidi lipungue."

"Si unanunua jeti yenye tundu dogo?"

Walizunguka maduka yote ya vipuri. Kwa aina ile ya zamani hakukuwa na saizi ndogo zaidi. Wauzaji walitikisa vichwa tu. Basi ikabaki njia moja, kuziba tundu kwa lehemu na kulitoboa upya. Sindano alikuwa na jeti kadhaa za saizi ile ile, alizozichomoa kwenye kabureta zilizokufa, kwa hiyo hakuogopa kuharibu. Tatizo ni kwamba biti yake ndogo kuliko zote bado ilikuwa nene mno.

Mtu mwenye biti za namna hiyo alikuwa mmoja, naye alilala chumba cha pili nyumbani kwake. Baba yake alikuwa sonara. Utotoni Sindano alimshikia hereni kwenye koleo wakati yeye akizitoboa, na mzee alikuwa ameshaamua moyoni kwamba meza yake ya kazi atamrithisha binti huyo. Binti alipochagua grisi, mzee hakugomba. Aliacha tu kuuliza habari za kazi. Walikula pamoja, wakazungumzia majirani, mvua na maradhi ya paka, ila gereji haikutajwa wala mzee hakuwahi kuikanyaga.

Jioni hiyo Sindano alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, akagonga mlango.

"Shikamoo, baba. Naomba kuazima biti zako ndogo."

"Marahaba. Za nini?"

"Nimeziba tundu la shaba, sasa nataka nilitoboe upya, dogo kidogo."

Mzee akazima redio. "Dogo kiasi gani?"

"Hilo ndilo silijui."

"Basi hujaja kuazima, mwanangu. Umekuja kuuliza. Keti."

Akavuta boksi la bati kutoka chini ya kitanda. Biti zilikuwa zimeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta, nyembamba kama unywele wa farasi, pamoja na kishikio chake cha kuzungushia kwa vidole. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, lakini aliichukua jeti iliyokwisha kuzibwa akaipapasa kwa ncha ya kidole gumba.

"Nani kaitia lehemu hivi?"

"Mimi."

"Umeipaka kama uji. Irudie. Kwanza uisugue ing'ae."

Mwanamke ambaye mafundi wa safu nzima humwogopa akairudia kazi yake kama mwanafunzi, na kusema kweli ya pili ilikuwa safi zaidi. Wakatoboa kwa biti iliyofuata chini ya saizi ya zamani.

Kesho yake wifi alipanda nayo mlima. Moshi mweusi ulikwisha, lakini injini ilichemka na kuhema, na aliporudisha plagi ilikuwa nyeupe kama chaki. Sasa petroli ilikuwa haitoshi.

"Baba, hii ni ndogo mno," Sindano alisema. "Na inayofuata kwa ukubwa ni ile ile ya zamani. Katikati hapo huna kitu."

Mzee akanyoosha mkono mpaka kwenye ukosi wa ovaroli ya binti yake, akachomoa sindano.

Waliketi ukumbini mlango ukiwa wazi ili mwanga uingie. Mzee alivunja ncha ya sindano, akaiweka kwenye moto mpaka ikawa nyekundu, akaigonga kwa nyundo ndogo ikawa bapa kama ulimi wa mjusi. Kisha akampa binti jiwe la kunolea, kwa sababu hapo palihitaji macho. Alimpa na kipimo: ile sindano bapa isikubali kuingia kwenye tundu la jeti ndogo, na kwenye jeti ya zamani ipite ikicheza. Sindano alinoa, akapima, akanoa tena. Mzee alisikiliza sauti ya jiwe, na mara mbili tatu akamwambia alegeze mkono. Mwishowe akaipasha tena moto na kuitumbukiza kwenye mafuta ili ikaze.

"Sasa panua hiyo jeti ndogo. Zungusha kwa vidole tu," alisema. "Ukikandamiza itakatikia humo ndani, na mimi leo nimechoka."

Haikukatika. Vumbi la lehemu lilitoka jembamba kama poda.

Safari hii Sindano hakutaka kuletewa habari. Alipanda mlima mwenyewe, amepakiwa nyuma na wifi yake, kwa mwendo wa kusuasua na jeti ya zamani. Kwenye baraza ya zahanati alitandika kitambaa akafungua kabureta. Vipande vilikuwa bado vimetawanyika mwanaume mmoja alipoingia uani akikimbia, shati limelowa. Alitoka kwenye nyumba za juu kabisa. Mke wake alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na kilichotangulia kuonekana ni mguu.

Wifi aliangalia kitambaa, akaangalia njia. "Itakuchukua muda gani?"

"Kavae viatu," Sindano alisema.

Aliifunga jeti ile ambayo haijawahi kuonja petroli. Mikono yake haikwenda mbio kuliko siku nyingine. Wifi alipotoka na mkoba, pikipiki ilikuwa imewaka. Yule bwana akafuata kwa miguu.

Sindano alikaa nyuma, mkoba kifuani, masikio kwenye injini. Walipita mtaro, wakapita mawe. Kwenye kona ya mwisho, ile ya aibu, pikipiki ilikohoa mara moja. Wifi akapunguza gia. Injini ikavuta pumzi, ikakaza, ikapanda kwa sauti moja mpaka uani kwa mgonjwa, na nyuma yao hapakuwa na moshi.

Mkunga akaingia ndani. Sindano akabaki nje na chombo kikipoa. Kilio cha ndani kilimfanya akose mahali pa kuweka mikono, basi akafanya analolijua. Akachomoa plagi. Ilikuwa kahawia, rangi ya biskuti, kavu. Hakupata kuona plagi nzuri namna ile, na hakukuwa na wa kumwonyesha. Akaitia mfukoni, akafunga ya akiba.

Mtoto wa kike alitangulia kwa miguu, akaja na kichwa baada ya kazi kubwa. Wifi alitoka akifuta shingo, akaketi kwenye kigogo kando yake.

"Wote wawili wazima," alisema. "Ningekuja nasukuma..."

Nyumbani mzee alikuwa macho akimsubiri. Hakuuliza habari za mlima.

"Ilitoka rangi gani?"

Sindano akamwekea plagi kiganjani. "Kahawia, baba. Mpaka kwenye kingo."

Mzee akainusa, akaigeuza geuza, akaguna kwa kuridhika. Asubuhi yake alivaa viatu akaomba aongozwe njia ya gereji. Siku hizi hupelekewa kiti, hukaa ndani ya ule mlango wa bluu nusu, akitengeneza biti za sindano na kuwakosoa mafundi wa jirani, ambao sasa huja kupima matundu ya jeti zao kwake.

Jambo moja lilibaki. Jeti ya mlimani, ikishuka mjini, huichemsha injini, maana huku chini hewa ni nzito. Sindano angeweza kutafuta saizi ya kati isiyofaa vizuri kokote. Badala yake alimfundisha wifi yake kubadilisha. Kwa hiyo ukipita pale njia panda chini ya mlima unaweza kumkuta mkunga amechuchumaa na sare yake nyeupe, amefunga petroli, bisibisi mkononi, jeti moja katikati ya midomo na nyingine kwenye kabureta. Wapita njia hutaka kumsaidia. Huwaambia wamshikie mkoba tu.