Siku Nilipoisomea Kompyuta Neno Langu la Siri

Mie darasa la nne sikumaliza, lakini duka la vifaa vya ujenzi hapa Kimara nimelisimamisha mwenyewe, na vijana wangu wote wanajua sitawaliwi na mtu.

Juzi Neema, fundi wetu wa kompyuta, kaondoa kwenye kompyuta mfumo tuliokuwa tunaulipia, katuwekea wa bure. Akaniambia niandike neno la siri. Nabonyeza, kioo hakionyeshi kitu.

“Vya bure ndo hivi, vibovu!”

“Siyo kibovu, mzee. Kinaficha herufi tu.”

“Usinifundishe!”

Nikabonyeza upya huku natamka kwa sauti, duka zima lishuhudie: “Na! Mu! O! Go! Pa! Mama! Asha!”

Kompyuta ikafunguka.

Kutoka kaunta, mke wangu akaitika: “Abee, Baba Asha!”