Makofi ya Mwalimu Mi-gyeong

Chekechea moja pale Uiseong, mashambani Korea Kusini, ilipokosa watoto, wenyewe hawakuifunga. Waliigeuza nyumba ya kulelea wazee. Mwalimu Mi-gyeong akaambiwa asomee kazi hiyo mpya au aende zake. Angefanyaje? Akasoma, akafaulu, akarudi darasa lile lile, na nyimbo zile zile za kitoto.

"Haya bibi zangu, tuimbe na tupige makofi," alisema siku ya kwanza.

Bibi Gwi-rye, aliyewahi kumletea wajukuu hapo hapo, hakunyanyua mikono.

"Umejitahidi, mwalimu. Sisi tumekupata wewe. Je, wewe ukizeeka, nani atakuimbia? Hao wa kukuimbia hawakuzaliwa."

Wazee wenzake wakacheka. Mi-gyeong akaanza wimbo, akapiga makofi peke yake.