Mwaka wa Vichupa vya Kichocho

Enzi zetu sisi watoto wa Pemba, mvulana akianza kukojoa damu hakupelekwa hospitali, alipongezwa. Nyinyi wa rika langu mnacheka kwa sababu mnajua sisemi uongo. Kaka zetu walikuwa wakijipanga ukingoni mwa mto, kila mmoja akichungulia haja ndogo ya mwenzake, na yule ambaye yake ilikuwa nyekundu zaidi alitembea kifua mbele siku nzima. Ambaye yake ilikuwa safi aliitwa kitoto. Baba akipata habari husema, "Kesha kuwa n'tu mzima huyo," na mambo yakaishia hapo.

Na tungekosaje kichocho? Mto ule ndio uliokuwa kila kitu chetu. Tulifua humo, tulikoga humo, tulikosha masufuria humo, na tukimaliza kazi tulipiga mbizi mpaka macho yakawa mekundu na vidole vikakunjamana. Tukitoka tuna njaa ya kufa mtu. Nyumbani kulikuwa na muhogo wa nazi na dagaa, au shelisheli la kuchoma lililopasuliwa motomoto likatiwa chumvi, na msimu wake ukifika kulikuwa na mabungo tuliyoyanyonya mpaka meno yakaingia ganzi. Siku hizi namwona mjukuu wangu anaulizwa atakula nini, kama bwana harusi. Sisi hatukuulizwa. Ukichelewa, wenzako wamekomba mpaka ukoko.

Karafuu zikiwiva skuli zilifungwa, serikali ikatutoa darasani sote twende tukachume. Walimu nao walikuwa juu ya mikarafuu pamoja nasi, na kwa mara ya kwanza ukimwona mwalimu wako kakwama juu ya tawi unamwogopa kidogo kidogo tu. Harufu ya karafuu iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye mkate. Mie siilaumu serikali kwa hilo, kisiwa kilikuwa kinaishi kwa karafuu. Lakini nilijua tangu utotoni kwamba kuna watu wakikaa mahali wakaamua jambo, sie watoto huku ndio tunaoamka tukakuta siku imebadilika.

Kusoma kwenyewe kulikuwa uamuzi wa namna hiyo. Bibi yetu, Bi Mize, mama yake baba, alikuwa akisema kwamba ujanani mwake skuli ilikuwa ya wenye nacho, na mtoto wa kike hata mwenye nacho hakumpeleka. Baada ya Mapinduzi ikatangazwa kuwa kusoma ni bure, na baba akatuandikisha siku moja, mie na dada yangu Rukia. Rukia alinizidi mwaka mmoja, lakini baba aliona njia ni ndefu, bora twende wawili. Basi tukawa darasa moja, dawati moja, na asiyetujua alidhani sisi ni pacha. Asubuhi skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, alasiri mdako chini ya ukuta wa nyumba yetu. Rukia alikuwa bingwa wa mdako. Alirusha jiwe juu, akachota mawe yote shimoni, akalidaka la juu huku akiniuliza jedwali la saba. Mie nilishindwa vyote viwili.

Tulipokuwa darasa la sita, Bibi alikuta damu kwenye nguo ya Rukia.

Kwa mvulana damu ile ilikuwa sifa. Kwa msichana ilikuwa na maana moja tu, nayo haikujadiliwa. Bibi alitangaza kwamba Rukia keshavunja ungo, na mtoto wa kike akishavunja ungo haonekani tena njiani na mkoba. Mama hakusema neno, kwa mama mkwe hapana mkutano. Baba alisema hayo ni mambo ya wanawake. Jioni ile ile Rukia akatawishwa, asitoke tena nje. Akapewa chumba cha uani, akapewa ukili asuke mkeka, na Bibi akaanza kutajataja jina la kijana mmoja wa mji wa pili, mtu mwema, ana mashamba.

Rukia alikuwa na miaka kumi na miwili na kifua kama ubao wa kuandikia. Mtu yeyote mwenye macho angejua kuna jambo halijakaa sawa. Lakini mji mzima ulikuwa umezoea hivyo, na likizoeleka halionekani.

Mie nilikwenda skuli peke yangu. Sitaki kuficha, nililia njiani siku nyingi. Kilichonishangaza ni mwalimu wetu, Mwalimu Zuhura. Kila asubuhi akiita majina alifika kwa Rukia akaliita kwa sauti ile ile, akangoja, kisha akaandika kuwa hayupo. Wiki zikapita, anaita. Watoto wakaanza kucheka. Nilimfuata siku moja nikamwambia kwa heshima kwamba dada yangu ndo keshaacha. Akanambia hajapokea barua ya mtu yeyote kumwondoa, na wizara imewakataza walimu kufuta jina la msichana kwa maneno ya njiani. Niliona ni ukaidi mtupu.

Ndipo alipokuja Bwana Afya. Alikuja na gari ya serikali, hadubini ndani ya sanduku la mbao na katoni ya vichupa vitupu, kila kimoja kimebandikwa jina kutoka kwenye rejista. Akatwambia serikali imeamua kupima kichocho Pemba nzima, skuli kwa skuli, na kila mtoto aende kichakani arudi na mkojo wake. Ilikuwa karamu. Wavulana wakarudi wameinua vichupa juu kama vikombe vya ligi. Mmoja, jina nalisitiri kwa kuwa leo ni mzee wa msikiti, wake ulikuwa safi kama maji ya kisima, akaona aibu, akaenda kuomba wa rafiki yake. Bwana Afya alipoeleza kwamba damu ile ni ugonjwa, vijidudu vinavyoingia kwenye ngozi mtu akiwa mtoni na kukaa kwenye kibofu, na kwamba atakayekutwa navyo atameza vidonge vichungu, yule mvulana alitaka kukirudisha kichupa. Wakati umepita.

Mezani kikabaki kichupa kimoja. Kimeandikwa jina la dada yangu.

Mwalimu Zuhura alieleza kwamba mtoto yuko nyumbani. Bwana Afya alikuwa kachoka, jasho linamtiririka, na ningekuwa mie ningekitupa kichupa kwenye katoni nikaondoka. Akasema amri aliyopewa ni kila jina lililomo kwenye rejista, haikusema kila aliyehudhuria. Mwalimu akakichukua kichupa, akajitanda vizuri, akanambia nitangulie.

Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Mwalimu akamwamkia, akaitikiwa, akakaribishwa jamvini, wakaulizana hali za watu wote mpaka mbuzi. Kisha akalitaja jambo. Bibi aliweka ungo chini. Akasema kwa upole kabisa kwamba mtoto ni mwari, na mambo ya mwari hayatiwi kwenye chupa yakapelekwa kwa mwanamme. Mie nilijua hapo pameshafungwa. Sijamwona mtu aliyempindua Bi Mize.

Mwalimu Zuhura hakubishana. Aliinama akauliza kwa sauti ya chini, mwanamke kwa mwanamke, "Bi Mize, damu yake huja kwa mwezi, au huja kila siku?"

Nafikiri Bibi hakuwa amemuuliza Rukia. Ilipoonekana mara ya kwanza ilishapewa jina, na Rukia mwenyewe aliambiwa aone haya.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Kila siku, Mwalimu. Kila nikenda haja ndogo. Na inan'choma."

Tulilala kitanda kimoja miaka yote, sikujua kama dada yangu anaumwa. Bibi alikaa akiutazama ule mchele. Kisha akanyoosha mkono, hakusema nipe, alinyoosha tu, Mwalimu akamtilia kichupa kiganjani, na Bibi mwenyewe akaingia nacho ndani.

Kilikuwa kichocho, tena kikali. Rukia alimeza vidonge pamoja nasi chini ya uangalizi wa walimu, baada ya kula muhogo wa kuchemsha uliopikwa pale skuli maana dawa ile haitaki tumbo tupu. Alitapika, akapewa tena, akameza. Baada ya wiki chache damu ikakatika. Hakukuwa na mwari, hakukuwa na mchumba, kulikuwa na mtoto mgonjwa aliyepona. Bibi alivaa buibui lake la kutokea, akamshika Rukia mkono mchana kweupe, akapita naye mbele ya baraza za watu wote mpaka mlangoni mwa darasa, akamwambia Mwalimu Zuhura, "N'toto wako huyu."

Rukia alisoma mpaka alipotaka yeye. Akavunja ungo kwa wakati wake, akaolewa kwa wakati wake, na mume alimchagua mwenyewe, tena kwa kiburi. Watu huniambia eti amri za serikali ni karatasi tu. Mie nawaambia mimi nimeiona karatasi ikiingia nyumbani kwetu na viatu vyake, ikamtoa dada yangu chumba cha uani. Mtu alikaa ofisini akaandika "kila jina" badala ya "waliohudhuria". Maneno mawili hayo ndiyo yaliyomsomesha Rukia.

Siku hizi mabomba yamefika, mtoni wajukuu zetu wanakwenda kupiga picha tu, na vidonge vinaletwa mlango kwa mlango, wakubwa kwa wadogo, asomaye na asiyesoma. Na mkamwana wangu, msomi, juzi alijifungia ndani wagawaji walipopiga hodi, kwa sababu kuna sauti imerushwa kwenye simu inasema dawa hizo si nzuri. Sauti ya nani? Hajui. Enzi zetu tulikuwa hatujui, tukaambiwa tukasikia. Hawa wanajua kila kitu, hawaambiki. Nilimkalisha jikoni nikamsimulia habari ya Bibi, maana hiyo ndiyo inayoniuma mie mpaka kesho.

Bibi hakumwomba Rukia radhi hata siku moja. Alitukataza tu, wajukuu wote, kutia mguu mtoni, na kufua akakuchukua yeye. Sare zetu, mashuka, nguo za baba, zote. Alikuwa akisimama kwenye maji yale yale mpaka magotini, mwaka baada ya mwaka. Na yeye ndiye aliyekufa kwa maradhi ya kibofu, akiwa ameyaficha kwa haya zake kama alivyomfunza mjukuu kuyaficha.

Bwana Afya aliporudi mwaka uliofuata kupima tena, Bibi alikwenda mwenyewe mpaka skuli, akasimama foleni na watoto, akamuuliza kama na watu wazima wamo. Bwana Afya aliinuka kwenye kiti kwa adabu, akamwambia hapana bibi, safari hii vidonge vimeletwa kwa watoto wa skuli peke yao. Bibi akasema haidhuru, watoto kwanza, akajitwika beseni lake la nguo akashuka mtoni.