Punda milia mu sahani

Leo mu parke nimechekesha basi nzima, na minye sikukuwa na mpango wa kuchekesha.

Tulitoka Likasi, kundi la parokia. Kiongozi wetu akaonyesha punda milia mbali mu majani, akauliza: "Nani alishaona mumoja mbele ya leo?"

Nikanyoosha mukono. Minye peke yangu.

"Wapi, mama?"

"Mu sahani."

Balicheka mpaka punda milia akakimbia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mushahara wa baba ulikatika, akaenda kuwinda. Tulikula nyama ya punda milia na bukari, ugali wetu, watoto saba, sahani moja.

Kisha tukatawanyika. Ndugu zangu sita, sijui leo bako wapi.

Kama mumoja wenu anasoma hapa: ile nyama ilikuwa ngumu, ao ni minye nasahau?