Shuka Mbili Juu ya Paa

Jumamosi asubuhi Patrobas Wafula alipanda paani, kwenye ghorofa yao ya Donholm, kuanua soksi zake, akaona jambo lililomkata maini. Shuka mbili za jirani zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba moja. Ya upande wa barabara ilipepea na kuchapa hewa kama kitu kinachotaka kutoroka. Ya pili, hatua chache tu kutoka hapo, nyuma ya tangi la maji, ilining'inia kimya.

Miaka yote aliyofanya kazi ya umeme kwenye reli, Patrobas hakuamini kitu kabla ya kukijaribu mara mbili. Binti yake Triza, anayefundisha watu kuteleza ziwani kwa mbao za tanga huko Sio Port, alipomwomba amtengenezee kipimo cha upepo, alikitengeneza, kisha akaazima kingine kinachojulikana kuwa sahihi, akavifunga vyote viwili kwenye kamba hapa juu avilinganishe. Mwenye kamba, Mama Jacklyne, alikuwa mkali.

"Baba Triza, hicho kimoja peleka kule kwa tangi. Kamba zangu si za mitambo."

Akakipeleka kile cha kuazima. Chake kikasoma juu zaidi. Akadhani kinatia chumvi, akakishusha mpaka vikakubaliana.

Sasa alijua. Kile sahihi kilikuwa kimekingwa upepo na tangi. Chake kilisema kweli, naye akakifundisha uongo.

Na leo Triza alikuwa na wanafunzi wapya.

Simu iliita ikakatika. Akapiga tena.

"Baba, niko kazini."

"Kipimo kinasemaje?"

"Kilomita kumi na sita kwa saa. Chini ya ishirini tunaingia. Si tulikubaliana?"

"Upepo unatoka upande gani?"

"Nchi kavu. Hapa ufukoni maji yametulia, hata ukitaka kunywa chai juu ya ubao."

"Usikiamini. Nilikirekebisha vibaya. Ongeza karibu nusu."

Triza alishusha pumzi. "Wiki jana ulisema betri. Juzi ukasema mvua imeingia ndani. Kila nikikaribia maji unapata sababu."

"Ni kweli, naogopa. Lakini leo nimeona shuka."

"Shuka gani tena, Baba?"

"Wanafunzi wako wapi?"

"Wameshaingia, wako pale..." Sauti yake ikabadilika. "Kule mbele maji yana povu."

Hakukata simu. Patrobas alisikia filimbi, kisha miguu ikikimbia kwenye maji, kisha injini ya boti ikikataa kuwaka, ikikataa tena, ikiwaka. Baada ya hapo ni upepo tu uliovuma sikioni mwake, upepo uleule alioupunguza kwa bisibisi.

Mama Jacklyne alitokea na karai. "Mzee, unaongea na nguo zangu?"

Aliinua mkono kumzuia, simu ikiwa sikioni. Mama akamtazama usoni, akaweka karai chini, akabaki pale pale.

Filimbi ililia tena, mbali.

"Baba." Triza alikuwa akihema. "Wote wametoka. Mmoja tumemfuata na boti, alikuwa anapelekwa katikati. Hicho kipimo naking'oa."

"Kilete. Nitakirudia."

"Utakirudia wapi?"

Patrobas aligeuka kulitazama tangi. Mama Jacklyne, aliyekuwa amesikia habari ya kipimo simuni, alikwenda nyuma ya tangi na kuishika ile shuka iliyotulia. Ilikuwa bado inatiririka maji. "Na mimi ndiye niliyekutuma huku kusiko na upepo," alisema.