Safari ya Kumtafuta Mwinda Nungunungu

"Zuhura, nitafutie chumba. Kidogo tu, ila kiwe na dirisha."

Mama aliyasema hayo kwenye simu nikiwa nasuka kichwa cha mteja, saluni kwangu Mabatini. Nikaacha kusuka. Mama yangu alipanga vyumba vya watu Mwanza mjini tangu nikiwa mgongoni, akavumilia wenye nyumba wa kila aina, mpaka alipopata shamba lake ng'ambo ya Busisi akajenga vyumba viwili vya tofali. Siku anahama aliniambia mjini atarudi kusalimia tu. Leo hii anataka chumba!

"Nungunungu," alisema. "Msimu wa kwanza walifukua mihogo nikacheka. Uliofuata nikanuna. Sasa wameanza tena, wameshamaliza upande wa mtoni. Hii iliyobaki wakiila, mimi narudi kupanga. Nimechoka, mwanangu."

Kule kijijini mtendaji alikuwa ameshachukua ruhusa kwa bwana wanyamapori ili waharibifu hao wawindwe. Tatizo lilikuwa mwindaji. Kuna vijana walikuja na mbwa, wakaua mmoja, wakaondoka. Baada ya muda wakaja wengine, namaanisha nungunungu. Nikajiambia mwindaji wa kuazima hafai, mama anahitaji mwindaji wa nyumbani. Na nyumbani tupo mimi na yeye. Mteja wangu aliposikia nakwenda kujifunza kuwinda alicheka hadi nikamvuta nywele bila kukusudia. Au labda nilikusudia.

Jumatano asubuhi nilianzia Bujora, upande wa Kisesa, kwa sababu nilikuwa nimesikia kuna watu wanacheza ngoma ya wawinda nungunungu. Nikawakuta kweli wanafanya mazoezi. Mmoja alikuwa na miiba kichwani na mkuki mkononi, anatambaa kwa tumbo, anaruka, anachoma hewa, vumbi mpaka mbinguni. Nikasema Mungu si Athumani, mwalimu nimempata siku ya kwanza! Ngoma ilipoisha nikamfuata na soda ya baridi.

"Kaka, nataka unifundishe."

"Kucheza?"

"Kuwinda."

Akaishusha soda. "Dada yangu, nisikudanganye, mimi ni fundi ujenzi. Nungunungu hai sijawahi kumwona hata mara moja."

Nilitamani kumnyang'anya soda yangu. Lakini alikuwa mtu mwema, akanielekeza kwa Baba Kulwa, ng'ambo ya Busisi, ambaye ndiye aliyewaonyesha wao namna ya kutambaa. "Yule ni fundi wa mashimo kabisa, anamfuata nungunungu humohumo ndani. Ila ameacha."

"Ameacha kwa nini?"

Akachezea kizibo cha soda. "Ameacha tu," akasema, na hapo nikajua kuna jambo.

Mchana huohuo nikapanda basi la Sengerema. Usagara tulisimama watu wakanunua mahindi ya kuchoma, halafu tukakata kwenda Kigongo. Zamani pale tulikuwa tunakaa tukisubiri kivuko mpaka unajuana na watu na ndugu zao. Siku hizi basi linapanda darajani tu, ziwa huku na huku, kabla hujamaliza muhindi wako umefika Busisi. Nilikaa dirishani nikiwaza mama akirudi mjini kwa daraja hilihili, na vyombo vyake juu ya gari la mizigo. Roho iliniuma.

Nilipofika shambani, mama hakunipeleka ndani. Alinipeleka kwanza mtoni. Miti ya mihogo imelala, mizizi imetafunwa nusu nusu, mingine imeonjwa tu na kuachwa. "Ona," alisema mama. "Wangekuwa wanamaliza hata nisingekasirika hivi."

Kesho yake bodaboda ilinishusha kwa Baba Kulwa. Mji wake uko karibu na ufukwe, kwenye mawe makubwa, na harufu ya samaki inakupokea kabla ya mwenyeji. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa anabanika sangara kwenye jiko la udongo, na majirani wawili wamekaa wanasubiri kununua. Baba Kulwa mwenyewe alikuwa kwenye kigoda, anasuka kamba ya katani. Mtu wa makamo, mweupe wa meno, na amejaa. Kigoda hakikuonekana.

"Mwangaluka," nikajaribu Kisukuma changu cha sokoni, kisha nikaongeza, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Karibu samaki."

"Sijafuata samaki. Nimefuata ufundi wa mashimo."

Akakunja uso. Akaanza: mgongo unamsumbua. Macho nayo siku hizi gizani hayaoni. Na nungunungu wa sasa wamekuwa wajanja, si wale wa zamani. Kila sababu aliyoitaja, majirani waliitikia kwa vichwa, "Ee, mgongo, kweli." Mmoja akasema amemletea dawa nyingine ya kuchua. Mama Kulwa aligeuza samaki wake bila kumtazama mumewe.

Nikamweleza habari za mama, chumba na dirisha. Nilimwona ameguswa. Aliacha kusuka.

"Wewe kwenu wapi?"

"Nimezaliwa Mwanza. Ila baba yangu Mzaramo."

Hee! Mtu akafufuka. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za wapagazi, na mtani ukimwona huwezi kumwacha apite. "Mzaramo! Mama Kulwa, ficha samaki! Hawa watu hata panya wanamkimbia, leo anataka nungunungu? Wewe nenda kakune nazi."

"Afadhali nazi," nikamjibu, "kuliko ninyi mnaoshiba michembe ya viazi vikavu mkalala mpaka nungunungu wanawavunia shamba."

Akacheka mpaka kamba ikamdondoka. Akainuka, akasema atanionyesha shimo ili nione kwa macho yangu kwamba si kazi ya msuka nywele. Lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya jiwe, hatua chache kutoka kwenye viazi vyake mwenyewe. Na viazi vilikuwa vimefukuliwa! Mwinda nungunungu analiwa viazi na nungunungu, mlangoni kwake. Akainama kunionyesha nyayo. Akaguna. Bega likagusa jiwe upande huu, tumbo likagusa upande ule. Nikaliangalia shimo. Nikamwangalia yeye. Majirani, waliokuwa wametufuata, ghafla wakawa wanaangalia ziwa.

"Baba Kulwa," nikasema, "mgongo wako mzima. Macho yako mazima. Wewe huenei humo!"

Kijiji kizima kilikuwa kinajua, na kwa heshima yake hakuna aliyethubutu kutamka. Waliona bora wamletee dawa ya mgongo. Mtu mwingine angeyasema yale angeitiwa kikao, lakini mdomo wa mtani haushtakiwi. Hata hivyo niliujutia mdomo wangu. Niliona nimeshafukuzwa, na mama ameshafunga vyombo.

Aliyeanza kucheka ni Mama Kulwa. Alicheka akakaa chini, koleo la samaki bado mkononi. Baba Kulwa akamtazama mkewe, akatazama tumbo lake, akalipiga kofi.

"Muda wote huu nachuliwa mgongo!" alinguruma. "Nanuka mafuta ya kondoo kwa ajili ya uongo wangu mwenyewe! Ninyi majirani, mlikuwa mnajua?"

"Tulikuwa tunakuheshimu," akasema mmoja kwa sauti ndogo.

Akanigeukia mimi, akanipima juu mpaka chini kama mtu anayenunua mbuzi. "Wembamba unao. Basi, Mzaramo, utaingia wewe. Mimi nitakaa mlangoni na kamba."

Siku iliyofuata tulianza na shimo lile la nyuma ya nyumba. Alinifundisha kwanza kutafuta milango mingine, maana nungunungu hajengi nyumba ya mlango mmoja. Tuliiziba kwa mawe na matawi ya miiba. Nikafungwa kamba mguuni, tochi kichwani, mkuki mfupi mkono huu, na mkono mwingine ngozi kavu ya ng'ombe ya kujikinga, kwa sababu nungunungu akikasirika haji kwa uso, anakuja kinyumenyume na miiba yake yote. Mvuto mmoja wa kamba maana yake nipo salama, miwili nivutwe. Nikapiga magoti. Kichwa kilikuwa hakijaingia hata vizuri nikasikia vurugu ndani, udongo ukamwagika, halafu Mama Kulwa akapiga yowe upande wa pili: mnyama amesukuma mawe ametoka.

Baba Kulwa akaninusa. Jamani, alininusa waziwazi! "Umepaka nini?"

Sikuwa nimepaka kitu. Lakini rasta zangu zimekula mafuta ya saluni miaka na miaka, na mimi nilishaacha kuyasikia. "Hata mimi nakusikia toka Busisi," alisema. "Yule ameona duka la vipodozi linamwingilia chumbani."

Jioni ile nilikaa mbele ya jiko la Mama Kulwa nikaomba mkasi. Rasta zile ndizo zilikuwa tangazo la biashara yangu. Zilipoanza kudondoka nilitoa machozi, sifichi. Mama Kulwa alikuwa ananifariji huku anakata, "Pole, mayu, pole mama, zitaota." Halafu akanikalisha kwenye moshi wa sangara, nigeuze samaki mpaka ninuke kama wao. Jumamosi nzima niliyoshinda pale, Baba Kulwa alikuwa anakuja kunifundisha kutambaa uani, ananipiga kwa fimbo ya mtama kila ninapoinua makalio. "Shusha, Mzaramo! Humo ndani hakuna paa!"

Jumapili, baada ya Mama Kulwa kurudi kutoka kanisani, tulikwenda shambani kwa mama. Shimo lenyewe lilikuwa kwenye kichuguu upande wa mtoni. Mama aliniona kichwa upara, nanuka samaki, akaweka mkono mdomoni.

Tukaziba milango mitatu. Baba Kulwa akafunga kamba mwenyewe, akavuta kuijaribu. Nikasema Bismillahi nikaingia.

Nitasema ukweli: niliogopa kuliko siku yoyote maishani. Udongo unakugusa pande zote, pumzi yako mwenyewe inakurudia usoni, na mwanga wa tochi unaishia kwenye kona. Katikati ya njia mwili ulikataa. Nikashika kamba, tayari kuvuta mara mbili. Ndipo nikaisikia sauti ya Baba Kulwa, ameinamia mlangoni, haamrishi, ananong'ona tu: "Hapo ulipo kila mtu hukwama. Mimi nilikwama nikalia. Pumua. Ukitaka kurudi tunakuvuta, hakuna atakayecheka."

Nikapumua. Nikavuta mara moja.

Baada ya kona nikamsikia anatikisa miiba, mlio kama njugu kwenye kibuyu. Alikuwa mkubwa. Alinigeuzia mgongo akaja kwa kishindo, nikaweka ngozi mbele, miiba ikachoma ngozi tupu. Alipojivuta kurudi aligeuka ubavu, na hapo mkuki ukaenda, huku nasema Bismillahi kwa kelele. Ukaisha ule mlio. Nikabaki nalia na kucheka humo ndani. Niliposahau kuvuta kamba walinivuta wenyewe, nikatoka miguu kwanza, mnyama nimemkumbatia ndani ya ile ngozi ya ng'ombe.

"Umesoma Bismillahi?" ndilo swali la kwanza la mama.

"Nimesoma mpaka nungunungu ameikariri!"

Kabla ya jua kuzama tulitoa na wa pili, kwenye shimo la jirani. Baba Kulwa alikuwa anaimba nyimbo za kazi ambazo Mama Kulwa alisema hajazisikia muda mrefu. Usiku tulikula nyama na ugali wa udaga wa mihogo. Baba Kulwa alikula kidogo, akamwambia mkewe amwangalie tumbo, maana Mzaramo hawezi kukaa milele. Kisha akasema majirani wawili wa mama wamemwomba awafundishe watoto wao wakubwa wa kike na wa kiume, yeyote mwembamba, na kwamba kila nitakapokuja tutaingia tena. Akaagana na mama kwa mikono miwili. Mama hakusema anabaki wala anaondoka. Na mimi niliogopa kuuliza.

Jumatatu nikapanda basi kurudi. Darajani nilikuwa nafikiria somo nililolipata. Kutambaa mtu anajifunza. Kilichokuwa kigumu ni kupata mwalimu, na mwalimu alikuwepo siku zote, ufundi wake mzima kabisa, umefungiwa ndani kwa sababu watu wema hawakutaka kumwambia neno moja. Mimi nilikwenda kuomba nifundishwe. Kumbe naye alikuwa anasubiri mtu wa kumwambia.

Usagara basi liliposimama, simu ikaita. Mama.

"Zuhura, mwezi ujao ukija, niletee jembe. Hili limelika, na upande wa mtoni nataka kuulima wote upya."

Nikamwambia sawa mama, nikakata simu, nikajifunika uso kwa kanga nikalia kwa kwikwi. Dada niliyekaa naye, mtu wa heshima zake, akanishika bega.

"Pole sana, dada. Mmefiwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Mama yangu anataka jembe."