Kikapu cha Bonifasia Chafika Kanada

Bonifasia wa Kirushya, wilayani Ngara, alisuka kikapu cha rangi za upinde wa mvua, akampelekea binti yake Ineza huko Kanada. Ineza alikuwa amefukuzwa katika ukoo na mjomba wake, Gaspari, kwa kumpenda mwanamke mwenzake.

Mwezi Juni Ineza alimtumia mama yake picha kwa simu: kikapu kiko mezani kwenye ukumbi wa sanaa, watoto wamekizunguka wakichora, wazazi wanacheka. Chini aliandika kwamba hiyo ni sherehe ya watu kama yeye, pamoja na familia zao.

Gaspari aliitazama picha kwenye simu ya dada yake, maandishi hakuhangaika nayo. "Kazi ya ukoo wetu imefika kwa Wazungu!" Akaenda Ngara mjini kuisafisha iwe kubwa, akaitundika sebuleni karibu na Bikira Maria.

Jumapili katekista alipita, akaisifu sana. "Sherehe ya nini hii?"

Gaspari akamgeukia dada yake.

"Ya familia," Bonifasia alijibu, akamwongezea mgeni chai.

Bonifasia alipofika kwake alimwandikia Ineza: "Mjomba wako ametundika sherehe yenu sebuleni." Akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.